Siku Niliyosema Hujaenda Popote

Mpendwa mwanangu Kemilembe,

Mama yako mdogo ameniambia kwamba ulifika Bukoba salama, unakula, na hutaki kuongea na mimi kwenye simu. Basi nisiongee. Nitaandika. Unajua shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo usihesabu makosa, soma tu. Bahasha sijaifunga. Nilikukana mbele ya mtu nisiyemjua, acha na haya yasomwe na yeyote atakayeibeba barua hii, kuanzia kondakta wa basi mpaka watoto wa mama yako mdogo.

Nianzie mbali kidogo, maana kosa langu halikuanza siku ile ya simu.

Unakumbuka ile Jumapili uliyoingia jikoni na karatasi za kanisani, ukaniambia umechaguliwa kwenda Ujerumani miezi kumi na nane kuhudumia wazee? Nilikuwa namenya ndizi. Nikakuuliza watakulipa nini. Ukasema ni kujitolea, watakupa chumba na chakula na hela kidogo ya sabuni. Nikaweka kisu chini. Hao wazee hawana watoto? Kama wanao, mbona hawawaogeshi wenyewe? Nani anamkatia mtoto wa mtu tiketi ya ndege bure? Ulicheka, mimi sikucheka. Nikamfuata mchungaji mstaafu hadi kwake, nikamkuta anakula, nikamuuliza hayo hayo. Akaniambia, "Mama Kemi, hata mimi nilisoma kule miaka minne, nimerudi, na figo zangu bado ni mbili." Nikaondoka bila kuaga vizuri. Miezi yote kumi na nane, kila ukipiga simu ya picha, nilikuwa siangalii uso wako peke yake. Niliangalia nyuma yako, kama kuna mtu amesimama mlangoni anakusikiliza.

Ukarudi na sanduku moja. Mama Anitha jirani alilihesabu kabla yangu. Akaniambia pale bombani, watu wakisikia, kwamba wenzako wakienda Ulaya wanarudi na gari, wewe umerudishwa. Nilimjibu vibaya sana, lakini neno lilikuwa limeshaingia. Ulipokwenda kuoga nikalifungua sanduku lako. Leo ndiyo nakuambia. Nilikuta soksi nzito, zile chokoleti, daftari la jalada la bluu limejaa Kijerumani mwanzo mpaka mwisho, na picha yako umekaa na mzee wa Kizungu, umemshika mkono. Mungu anisamehe, nikajua huyo ndiye mume. Nilikaa na hilo moyoni wiki nzima. Ukiinama kufagia nilikuwa nakuangalia tumbo.

Halafu ukaanza na bibi yako. Mama mkwe wangu alikuwa ameshapooza upande mmoja, amelala chumba cha mbele, na mimi nilikuwa namtunza kama nilivyoona wengine wanavyotunza. Nampa uji, nambadilishia shuka, nampa pole. Wewe ukabandika karatasi kwenye mlango wa jikoni na msumari. Saa mbili, uji nusu bakuli, amegeuzwa kushoto. Saa nne, maji kikombe kimoja, amegeuzwa kulia, ameuliza habari za baba. Kila siku karatasi mpya, na zile za zamani unazipanga kwenye boksi la viatu. Kemi, unajua nilifikiri nini? Nilifikiri unaniandikia kesi. Nilifikiri baba zako wakubwa wamekutuma, ili siku bibi akifa wasome kikaoni kwamba mke wa marehemu ndugu yao hakumlisha mama yao. Nilikuwa napita kwenye ule mlango nimegeuza uso. Na wewe hukujua, ulikuwa unaimba tu huku unamsugua bibi miguu.

Wakati huo unatafuta kazi. Kila ukirudi kutoka mjini ulikaa pale kizingitini kuvua viatu, na mimi nikasoma mabega yako kabla hujasema. Kuna yule bwana wa ofisi ya kwanza aliyesoma karatasi yako ya maombi akakuuliza kama ulikwenda kutembea. Kuna yule dada aliyekuuliza, kama ulikuwa mfanyakazi mzuri, mbona hawakukubakiza huko. Ukamwambia mkataba ulikuwa wa miezi kumi na nane na wewe ulitaka kurudi nyumbani. Akakutazama kama mtu aliyesema ameokota almasi akaitupa ziwani. Mwingine akauliza kujitolea ndiyo kufanya nini hasa, ukamjibu kuhudumia wazee, akasema hata mama yake kijijini anahudumia wazee.

Ndipo nikakupa ushauri wangu. Nilikuambia lile neno kujitolea ulifute, andika uliajiriwa, nani atakwenda Ujerumani kuuliza? Ulikuwa na kiatu kimoja mkononi. Ukasema, "Mama, nikidanganya, siku wakipiga simu wataujua ukweli. Wewe niache na huo huo ukweli wangu." Nimelirudia hilo neno lako mara nyingi kuliko sala.

Kile kituo kipya cha watu waliopata kiharusi, kule Pasiansi, ndicho ulichokipenda. Ulirudi kutoka huko siku ya usaili umevua viatu kabla ya kufika mlangoni, unatembea na soksi uani kama mtoto. Ukaniambia fomu yao ilitaka namba ya mtu mmoja wa hapa hapa anayekufahamu vizuri, na umeandika yangu. Ulisema hivyo. Sitadanganya kwamba hukusema. Lakini bibi alikuwa anaita, maziwa yalikuwa yanachemka, na mimi neno lako lilipita kama hewa.

Sasa kumbuka na ule mwezi ulivyokuwa. Mama Anitha alikuwa amepigiwa na mtu mwenye sauti ya kistaarabu kabisa, anamwita mama, anajua jina la mwanawe, anasema kijana ameshikwa uwanja wa ndege. Ilikuwa uongo mtupu, na alishatuma hela. Mtaa mzima wa Kiseke tukawa tunaambiana, namba ngeni ikipiga na kukutajia mwanao, kana kila kitu. Mimi nilijua wataanza na mimi, maana mtu akisikia Ujerumani anaona noti.

Simu ikalia nikiwa naanua nguo. Sauti ya mwanamke, ya taratibu. Akanisalimia shikamoo mama. Akasema anapiga kutoka kituoni, anataka kuhakikisha tu, je, ni kweli binti yangu Kemilembe alikuwa Ujerumani mwaka jana na mwaka juzi? Nikasema moyoni, hawa hapa wamefika. Nikamjibu kwa sauti ya kukata maneno kwamba mwanangu hajaenda popote, hana hata pasipoti, amekaa hapa nyumbani miaka yote. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia mimi ndiye niliyemzaa, nani mwenye uhakika zaidi? Nikakata. Nikamfungia na namba yake.

Jioni nikakusimulia kwa furaha, wewe unakatakata nyanya. Nikasema leo nimewakomesha matapeli. Uliendelea kukata kidogo. Halafu ukaacha.

"Ma, walisema wanatoka wapi?"

"Sijui kituo gani. Matapeli hawakosi kituo."

"Na wewe ulisema nini hasa? Neno kwa neno."

Nikakuambia neno kwa neno. Hukupiga kelele. Ningeshukuru ungepiga. Ulinawa mikono, ukaikausha kidole kwa kidole, ukasema, "Kila ninapokwenda wananiuliza kama nilikuwa huko kweli. Nilifikiri nina shahidi mmoja." Asubuhi ukaenda kituoni, ukarudi mapema. Walikuwa wamekuambia wazi kwamba hawamchukui mtu ambaye mama yake mwenyewe ameikana karatasi yake. Siku iliyofuata ulimgeuza bibi saa mbili, ukaandika kwenye karatasi, ukapanda basi.

Sasa nikuambie yaliyotokea huku.

Siku ya tatu baada ya wewe kuondoka, nilimkuta bibi na wekundu nyongani, ngozi imelainika kama tunda lililolaliwa. Nikaogopa. Nikasimama mbele ya ule mlango wa jikoni, na mara ya kwanza nikaisoma karatasi yako kama barua, badala ya kuikimbia. Kushoto, kulia, kushoto, kila saa mbili zikipita. Nikaelewa kwamba tangu ulipokuja bibi hakuwahi kupata kidonda cha kulala, na mimi nilifikiri ni bahati yake. Nikatoa boksi la viatu. Nikazisoma zote, nikiwa nimekaa sakafuni pembeni ya kitanda chake. Hakuna hata moja iliyonitaja kwa ubaya. Moja tu umeandika kwamba mama amechoka leo, mgongo unamuuma, nimgeuze bibi mimi mara zote.

Nilichukua lile daftari la bluu, ulilisahau chini ya godoro, nikaenda nalo kwa mchungaji. Safari hii nilisubiri amalize kula. Akavaa miwani akanitafsiria. Chumba cha sita, saa mbili, amegeuzwa kushoto. Saa nne, chai nusu kikombe, ameimba. Kurasa na kurasa, Kemi, ni yale yale ya mlango wa jikoni. Ameimba, ameimba, leo hakuimba. Karibu na mwisho akasoma, chumba cha sita kimefagiwa, dirisha limefunguliwa. Mchungaji akalifunga daftari taratibu. Nikajua ni yule mzee wa kwenye picha. Ulifiwa na mtu, ukarudi na huzuni yako kwenye sanduku, na mimi mama yako nilikuwa nakuangalia tumbo.

Nikavaa kitenge changu cha kanisani nikaenda Pasiansi. Msimamizi wa kituo ni mama mmoja Msukuma, mnene, hacheki ovyo. Aliniacha nieleze mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, wiki mbili zilizopita mwenye namba hii alisema binti hajaenda popote. Leo anasema alikwenda. Mimi nimwamini yupi?"

Nikamwambia wote wawili ni mimi. Yule wa kwanza alikuwa anawaogopa nyinyi.

Akaniomba kitambulisho, akakitazama mbele na nyuma. Nilifurahi, kwa kweli. Mtu anayeshuku vile ndiye ningependa akulinde. Akasema cheti chako cha Ujerumani amekiona, kinasema tu kwamba ulijitolea vizuri, na vizuri haimwambii kitu. Alitaka kujua mikono yako ilifanya nini. Sikuwa na Kijerumani cha kumpa. Nikafungua mkoba nikamwekea mezani karatasi za mlango wa jikoni.

Alisoma ya kwanza haraka, ya pili polepole. Kwenye ya tatu akaweka kidole. "Hapa ameandika bibi amekataa uji, mdomo una kidonda upande wa kulia, apewe wa vuguvugu. Nani alimfundisha kuandika sababu?" Nikasema huko huko ambako nilisema hajaenda.

Akaniambia kosa lako ni dogo, mwanangu. Kila mahali unatanguliza Ujerumani na lile neno kujitolea, watu wanabaki kushangaa ndege na mshahara, kazi yenyewe hawaioni. Anataka uje, uanze na hizi karatasi. Useme ulikuwa na wazee wangapi kwa zamu, uliwageuza vipi, uliandika nini, ulimwambia nani mgonjwa akibadilika. Ujerumani ije mwisho. Nafasi bado hawajaijaza, usaili mwingine ni Jumatatu ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi. Hakuahidi kitu, na mimi sikuahidi kwa niaba yako. Lakini nilimwambia aiandike hiyo siku na saa, aweke sahihi na muhuri, maana maneno ya mdomo nimeyachoka. Akacheka, mara moja tu, akapiga muhuri. Nimeiweka ndani ya bahasha. Alitaka nimwachie na karatasi za bibi. Nikakataa. Tukaenda wote kwenye mashine ya kutoa kopi, nikasimama pale mpaka ya mwisho ikatoka.

Akasema namba ya mtu wako bado ni yangu, na watapiga tena.

Basi namba yao nimeifungulia, na tangu siku hiyo napokea kila simu. Juzi imepiga namba ngeni, mwanaume, anasema binti yangu aliyekuwa Ujerumani ana mzigo wake umekwama bandarini. Nikamwambia ndiyo, mimi ni mama yake Kemilembe, alikwenda, alifanya kazi, alirudi. Nikamweleza wazee wanavyogeuzwa, kushoto, kulia, na kwa nini uji usiwe wa moto. Nikamweleza habari ya kidonda cha mdomo. Tapeli amekata simu mwenyewe.

Kama hutaki kuja kwa ajili yangu, njoo kwa ajili ya Jumatatu. Ukipita tu kuchukua karatasi zako, nitazitoa nje kwenye kizingiti, hulazimiki kuingia. Wekundu wa bibi umepungua. Karatasi sasa naandika mimi, kwa mwandiko wangu huu. Ya leo inasema saa mbili, uji bakuli zima. Amegeuzwa kushoto. Ameuliza Kemi yuko wapi.

Hapo pa jibu sijaandika kitu.

Ni mimi mama yako,
niliyekuzaa na kukukana,
Kiseke.