Nimeupaka Juu Mstari wa Mafuriko

Shangazi mpendwa, naomba msaada wako, na naomba unijibu upesi maana mvua bado haijamaliza kazi yake. Mimi ni fundi rangi, nina mke na watoto wawili, tunaishi bondeni, hatua chache tu kutoka mtoni, na kwenye nguzo ya daraja letu pana mstari mwekundu ambao waliotutangulia waliuchora shibiri nne chini ya usawa wa kizingiti cha nyumba anayoishi sasa mwanamke mmoja fundi cherehani, kwa kuwa ndiyo iliyo chini kuliko zote, naye anaishi na mama yake asiyeweza kutembea. Maji yakigusa mstari, mwenye zamu anagonga rimu ya gari iliyoning'inizwa pale darajani, na hapo kila mtu anabeba chake tunapanda shuleni. Kabla ya rimu kulia hakuna anayehangaika, ndivyo tulivyozoea.

Sasa miezi miwili iliyopita mstari ulikuwa umefifia, kamati ya mtaa ikataka upakwe upya, na baba mkwe wangu, ambaye ndiye mwenyekiti, akasema kazi apewe mkwe wake kwa sababu mkwe wake habahatishi. Kwa kawaida, Shangazi, ukitaka kukwangua rangi yenye alama unapigilia kwanza msumari mdogo pembeni ili usipoteze mahali, lakini siku hiyo misumari niliisahau nyumbani, nikajisemea haina neno, nikasimama kwenye kipago cha tatu cha ngazi yangu nikaona mstari uko sawa na mkanda wangu wa suruali, nikakwangua nguzo yote, nikapaka rangi ya kwanza, nikaenda kula. Niliporudi fundi bati mmoja wa mtaani alikuwa ameichukua ngazi yangu akaniachia ya kwake, nami bila kufikiri nikapanda kipago cha tatu, nikachora mstari usawa wa mkanda. Jioni baba mkwe akaja, akauliza, "Umepima?" Nikamjibu, "Nimepima, Mzee."

Wiki iliyofuata nikaziona ngazi zile mbili zimeegemezwa ukutani, ya fundi bati vipago vyake vimeachana zaidi, na kipago cha tatu kimezidi cha kwangu kwa shibiri moja na vidole vinne.

Nilinyamaza, nikisema mvua ziko mbali. Zimekuja. Juzi mto ulijaa, maji yakawa bado hayajagusa mstari, fundi cherehani akatoka akisema maji hayajawahi kukisogelea kizingiti chake hivyo kabla rimu haijalia, na kwenye mkutano wa mtaa aliposimama kulisema hilo mtu mmoja akamwambia yeye anaogopa hata maji ya kunawa, watu wakacheka, baba mkwe akacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Nyumbani kila nikisema tupandishe magodoro juu ya kabati mke wangu ananiambia, "Mstari bado, baba watoto, na umeupaka mwenyewe."

Nikisema ukweli, uso wangu nitauweka wapi mbele ya mkwe? Nimefikiri nivizie darajani pasipo na mtu, niushushe kimya kimya, yaishe. Nishauri. Na ukiichapa barua hii tafadhali usiseme nguzo wala rangi nyekundu, sema hata mti, maana baba mkwe huusoma ukurasa wako kwa sauti pale kwa kinyozi kila Jumamosi saa nne.

Fundi rangi

Shangazi anajibu:

Fundi, nakuonea huruma kwa dakika moja, kisha naiweka kando. Kusahau misumari ni kusahau tu, na kubadilishiwa ngazi kungempata yeyote. Kosa lako linaanzia pale uliposema "nimepima". Tangu hapo hujakosea tena, umekuwa ukidanganya, na kila siku ya mvua unadanganya upya bila kufungua mdomo.

Umeandika mengi kuhusu uso wako. Kuhusu yule mama asiyetembea umeandika mara moja tu, tena kwa kupita. Nikuulize, anabebwa na watu wangapi? Wanamtoa kwa muda gani? Hiyo shibiri na vidole vinne ni muda wake, wala si wako.

Kuushusha kwa kificho nakukataza. Nguzo iko mbele ya macho ya mtaa mzima. Wakiona mstari umehama wenyewe hawatauamini tena, na siku rimu ikilia watabaki vitandani wakibishana. Isitoshe, kuna mwanamke aliyesema kweli akachekwa, na wewe uliyekuwa ukijua ukaongeza kicheko chako. Hilo rangi haiwezi kulifunika.

Basi fanya hivi. Nenda kwa baba mkwe wako leo, usianze na habari za ngazi, zitakupoteza njiani. Mwambie, "Mzee, nilisema nimepima, sikupima." Akikufokea, sikiliza. Ana haki. Akimaliza, chukueni brashi, mpake mstari wa muda shibiri mbili chini ya ule wako, maana ukibahatisha tena, bora ukosee kwa kuwahi. Halafu tafuteni mpira unaopitisha mwanga, ule wajenzi wanaoujaza maji kupimia usawa, muunganishe mpaka utoshe, muutandike kutoka kizingiti cha fundi cherehani hadi kwenye nguzo, mteremke shibiri nne, mpigilie msumari. Kazi ya asubuhi moja, fundi, na najua uliijua kabla yangu. Kisha msimame mbele ya watu, wewe na mzee, mumwombe fundi cherehani radhi pale pale mlipomcheka. Na magodoro yapandishe, mkeo aseme atakalo.

Barua yako ilinifikia Jumatano. Hukuandika mtaa, la sivyo ningempigia mzee simu siku hiyo hiyo. Uliniomba nguzo niiite mti. Nimeiacha nguzo, na rangi yake nimeiacha. Jina lako sina, wala mtaani kwenu halihitajiki. Gazeti hili linafika vibandani saa mbili asubuhi, na baba mkwe wako anaanza kusoma saa nne. Una saa mbili za kumwambia kwa kinywa chako.