Miche Kumi na Mmoja

Kaka yangu mpenzi,

Hatujambo. Shemeji yako kang'olewa lile jino, kelele zimeisha.

Sasa nitue mzigo. Ule mpunga pori uliouchimba kinamasini, kabla hawajapafukia wajenge nyumba, ndio pekee hapa kwenye kituo chetu cha utafiti usioshikwa na ugonjwa wa manjano. Tulitaka kuuchanganya na mpunga wa shambani ili nao upate kinga hiyo. Mwezi uliopita, nikiwa likizo, mtunza bustani mpya aliung'oa akauchoma.

"Nilidhani gugu, dada," alisema.

Sikumlaumu, sikuwa nimemwonyesha. Ila wewe nilikuficha. Ningekwambiaje, kaka?

Jumatatu akaja mbio. "Dada, njoo uone!" Kwenye ndoo iliyokuwa kando ya ile ya mpunga wako, matopeni, miche kumi na mmoja ilikuwa imechipua. Mpunga pori hupukutisha mbegu zake kabla hujazivuna, kasoro tunayoilalamikia kila siku. Safari hii kasoro hiyo ndiyo iliyotuokoa. Nilikaa chini nikalia, naye akalia, kisha tukacheka kama wehu.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Miche yote tumeipa majina. Ule uliopinda ndio wewe.

Dada yako, ambaye sasa analala usingizi