Hodi kwenye Geti la Shamba

Mjukuu wangu Zuhura,

Natumai baridi ya huko Leeds haijakushinda. Sisi hapa Woolwich tu wazima. Mama yako kahamia shifti za asubuhi, na goti la babu yako linamtii siku moja moja.

Umeniuliza kama ni sawa kupita katikati ya shamba la mtu mkienda matembezi. Hata mimi lilinisumbua hilo nilipokuwa muuguzi mgeni hapa Uingereza. Jumapili moja wenzangu wa wodini walinichukua kutembea mashambani, Kent. Kibao cha njia kikatuelekeza uani kwa watu, ubavuni mwa nyumba. Wenzangu wakapita tu. Mimi nikagoma getini. Naingiaje uani kwa watu kimyakimya kama mwizi? Nikapiga hodi, kisha tena kwa sauti zaidi, wenzangu hoi kwa kicheko.

Akatoka bibi mmoja wa Kizungu, mikono imejaa unga.

"Unataka nini?"

"Naomba kupita."

Akanitazama sana. "Njia ni ya wote, huhitaji ruhusa yangu." Kisha akasema taratibu, "Lakini umefanya vizuri kuniita. Wapitao hapa husifu maua yangu, mimi hawanioni."

Akajifuta mikono, akatusindikiza hadi geti la pili, kama tufanyavyo kwetu. Ilimwia vigumu kuagana nasi.

Basi pita, mjukuu wangu, njia ni yako. Ila hodi usiache.

Akupendaye,
Bibi Mwanaisha