Mkeka Mmoja Skulini

Jumamosi, 5 Desemba 1970
Amri ya serikali ya Sultani mpya imefika, alhamdulillahi. Wasichana wote wa skuli hii, wa masheikh na wa makhadimu, watumwa walioachwa huru juzi, wakae mkeka mmoja, wanywe mtungi mmoja. Mtungi wa pili nimeuondoa kwa mkono wangu. Walimu wenzangu wananitazama kama nimebomoa msikiti!

Jumapili, 6 Desemba
Kaja Bi Mahfoudha, mamake mwanafunzi wangu Sayyida. Ati, “Mwalimu, hawa ndio waliokuwa wakituchotea maji.” Nikamwambia: basi leo wayanywe. Kaondoka bila ya kuaga.

Jumatatu, 7 Desemba
Nusu ya darasa tupu. Sayyida hakuja. Bwana Thabit wa idara ya elimu kanywa kahawa yangu, kisha: twende taratibu, Bibi, watu watazoea. Watazoea lini? Nimemwambia amri isiyo na askari ni nasaha tu. Nnataka askari mlangoni.

Jumatano, 9 Desemba
Askari kapatikana — Ghanim, kijana mpole. Kapita majumbani, kazungumza na akina baba. Sayyida karudi, kanuna. Nimemkalisha ubavuni mwa Bakhita, binti wa khadimu wao.

Sayyida alikohoa. Bakhita kainuka, kamletea maji, kasimama akingoja kikombe. Hakutumwa na mtu! Ndivyo alivyofunzwa na mamake tangu kutambaa.
“Kaa,” nikamwambia.
“Hajamaliza, Mwalimu.”
Nikamkaripia. Bakhita kalia. Lo!

Alhamisi, 10 Desemba
Leo kaja mzazi mlangoni kumtoa mwanawe. Si Bi Mahfoudha — Masouda, mamake Bakhita!

“Niachie mwanangu, Bibi. Bi Mahfoudha kasema nichague, skuli au chumba cha uani kwake.”
Nikamwambia serikali imekwisha kumwacha huru.
“Huru, naam. Nkalale wapi?”

Nna hasira tu. Ghanim naye ananiuliza: amri inakataza mtoto kuzuiwa kuingia, huyu anayetolewa na mzaziwe, nimfanyeje? Nimemwambia afunge mlango mpaka nifikiri.

Kaufunga. Masouda yuko nje. Bakhita yumo ndani, kaushika mkeka kwa mikono miwili. Nnaandika ili nisimtazame.

Masouda anagonga — polepole, kama anayeomba radhi. Ghanim kashika komeo, ananitazama mimi.