Kaburi la Baba Mkwe

Jumapili, jioni

Na magoti bado yananiuma. Leo tulikuwa tunamzika baba mkwe. Vijana wanacheza ngoma ya msiba na mikuki uani, mashemeji wanagombania ng'ombe wake, mara marehemu akaketi mkekani akauliza, "Ng'ombe wa nani hao?"

Wenzangu walikimbia mzuka. Mimi nilimkimbia mkwe, maana sisi wake wa wanawe ni mwiko kumtazama usoni. Nikajifunika nguo kichwani, nikatumbukia kaburini.

"Kaa humohumo," mume wangu akaninong'oneza. "Baba anapita."

Mzee akasimama ukingoni, amenipa mgongo kama ipasavyo. "Msilifukie," akasema. "Naona limeshapata mtu."

Watu wakacheka. Mume wangu akamshukuru: "Ndaga, baba!"

Amemshukuru! Na kaburi bado liko wazi, hapo nyuma ya migomba.