Hewa Ilirudi, Taata, Wewe Ukachelewa

Taata, baba yangu mpendwa,

Nina habari ambayo ungeiulizia maswali mpaka chai ipoe.

Unakumbuka kile kisima ulichokuwa ukimchimbia jirani hapa Kimwani? Shimo lilikuwa limeenda chini sana, hewa ikapungua, ukazimia. Walikuvuta kwa kamba, midomo imebadilika rangi, Mama akipiga yowe. Mara ukakohoa, ukafumbua macho, ukasema, "Sururu yangu imebaki chini?" Tulicheka huku tunalia.

Siku zilizofuata ulikuwa mzima kabisa. Ulikula, ulihudumia migomba. Kisha maneno yakaanza kukupotea. Ukavaa shati nje ndani. Asubuhi moja Mama alikumiminia chai, ukamtazama, ukasema, "Asante, mgeni." Aliweka birika chini akatoka nje. Majirani wakasema umelogwa. Wengine wakamnong'oneza Mama kwamba una mke mwingine Bukoba mjini, na huko kusahau ni kujifanya tu.

Ulipopata nafuu kidogo uliniuliza, "Mwanangu, hewa niliipata. Mbona nimeharibika baadaye?" Nilikuwa msichana wa sekondari tu. Homa ya mapafu ikakuchukua kabla sijakupatia jibu.

Sasa nasomea udaktari, Taata. Kumbe ubongo una seli zake za kinga! Kukiwa shwari hunyoosha matawi membamba, zikipapasa huku na huku na kuondoa uchafu. Oksijeni ikikosekana, hukunja yale matawi, hututumka, na kumwaga kemikali zinazowasha uvimbe. Cha ajabu, hewa ikirudi, nyingine haziachi. Huendelea kwa siku nyingi, zikiumiza hata seli za neva zilizokuwa zimenusurika.

Nilimwuliza mwalimu, "Kwa nini hazitambui kwamba hatari imepita?"

Akatabasamu. "Hilo bado linatafutwa. Karibu utafute na wewe."

Tangu siku hiyo silali vizuri kwa hamu ya kujua. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichokupata, maana hakuna aliyekupima. Lakini kinafanana mno na ulivyokuwa.

Likizo hii nilimweleza Mama hayo yote akimenya ndizi. Alinisikiliza bila kuinua macho.

"Yaani hizo seli ziliendelea kumwumiza wakati ameshatoka shimoni?"

"Huenda, Mama."

"Na mimi hakunitambua kweli?"

"Hakukutambua kweli. Alikuwa mgonjwa."

Akamaliza ndizi aliyoishika, akachukua nyingine, akaiweka chini bila kuimenya. Unajua, Taata, tangu tukuzike hajawahi kukanyaga upande ule wa kibanja, kwenye migomba lilipo kaburi lako. Magugu huwa nayang'oa mimi nikija likizo.

"Jumapili tukitoka kanisani," akasema, "nipeleke kwa baba yako. Nataka nimsalimie."

Basi jiandae, Taata. Safari hii siji peke yangu.

Binti yako