Mzizi Uliochimbwa Alhamisi

S.L.P. 27,
Nkwantanan, kupitia Konongo.
9 Agosti 2006

Mpendwa mpwa wangu Dufie,

Naanza na jambo nililoficha, kisha ndipo nikusalimu, maana nikianza na salamu naweza kuchoka kabla sijafika. Dawa ya homa ya bibi yako haikushindwa katika majaribio ya wale madaktari. Haikupimwa. Walichopima ni mzizi mwingine, na mimi ndiye niliyewapa.

Sasa salamu. U mzima? Mume wako na watoto hawajambo? Baridi ya huko Bergen imepungua? Mimi miguu imevimba, pumzi ni fupi, na daktari amemwambia binti yangu Serwaa maneno ambayo Serwaa hataki kuyarudia. Nimeyasoma usoni kwake. Lakini akili iko palepale, na mkono bado unashika kalamu.

Barua yako niliipata. Unasema profesa wako amekataa kuiingiza nibima, mmea wa dawa ile, katika utafiti wenu kwa sababu ya ripoti ile ya zamani, inayosema kwamba wagonjwa waliokunywa dawa ya bibi yako, Eno Birago, walibaki na vimelea vya malaria katika damu kama walivyokuja. Unasema pia kwamba mwisho wa mwezi huu mtakuwa mmeshachagua mimea yenu. Basi sote wawili tuna haraka.

Wakati ule nilikuwa mwalimu kijana wa sayansi, na madaktari walinichukua niwe mkalimani wao. Walifika Alhamisi, wakataka mizizi mibichi siku hiyohiyo. Mama aliniambia, "Waeleze kwamba leo ardhi inapumzika. Kesho jua likichomoza nitawachimbia." Sikutafsiri hivyo. Wageni wamekuja na darubini, halafu mimi, mwalimu, niwaambie kwamba ardhi imelala? Niliona aibu. Nikawaambia, "Mama anasema jioni mtapata."

Nilikwenda kuchimba mwenyewe. Alhamisi hakuna anayeingia shambani, kwa hiyo hakuna aliyeniona. Hakukuwa pia na wa kumuuliza. Kando ya kijito chetu kuna mimea miwili inayotambaa juu ya miti, na majani yake yanafanana kama ndugu. Nilichagua mmoja, nikachimba. Jioni madaktari waliupokea, wakaandika "nibima" juu ya mfuko, wakaufunga.

Ijumaa asubuhi Mama alinikuta kwenye uwanja wa shule, amebeba kikapu cha mizizi yake ikiwa bado na umande. Nikamwambia nitawafikishia. Nilikimwaga nyuma ya jiko la shule.

Majibu yaliporudi yalisomwa mbele ya chifu, na mimi nikayatafsiri, safari hii neno kwa neno. Sokoni walimtania Mama: "Eno, leo unauza dawa au supu? Basi ongeza pilipili." Alicheka pamoja nao. Aliporudi nyumbani alikichukua chungu cha dawa, akakipindua juu ya nguzo ya ua, na hapo ndipo kilipokaa mpaka kikapasuka. Mama yako Pokuaa, ambaye ndiye alistahili kuirithi kazi ile, alimwomba amfundishe. Mama akamjibu, "Nikufundishe nini, mwanangu? Kuchemsha maji?" Alikufa bila kumfundisha, na mama yako mpaka leo anadhani hakupendwa. Nimemwita aje Jumapili kutoka Kumasi. Nitamwambia mwenyewe, ana kwa ana. Usimpigie simu kabla yangu.

Wiki iliyopita nilimlazimisha Serwaa anipeleke kijitoni. Kwa kuwa siwezi kutembea, alinipakia kwenye toroli la kubebea mihogo. Njiani akasema, "Baba, hata maiti hubebwa kwa heshima kuliko hivi." Nikamjibu, "Basi sukuma polepole, nisije nikawahi." Kijana mmoja wa njia panda alituona akauliza, "Mwalimu, unapelekwa kuuzwa?" Serwaa akamwambia, "Tulijaribu jana, walikataa kumnunua." Tulikwenda Jumatano. Safari hii sikutaka kubishana na siku.

Tulichimba mimea yote miwili. Nibima ukiukata mzizi, ndani ni wa njano, nao ni mchungu kupita kiasi. Nilipokuwa mtoto Mama alinibana pua ndipo ninywe, na uchungu ule ulikaa mdomoni hadi kesho yake nikila fufu. Huwezi kuusahau, wala huwezi kuuchanganya na kitu kingine.

Mchungaji Ofori atakuletea mifuko miwili, mmoja umefungwa uzi mweupe na mwingine mweusi. Kila mfuko una majani na maua yake niliyoyakausha ndani ya magazeti, ili wataalamu wenu wa mimea waangalie wenyewe wasitegemee neno la mwalimu. Wapimaji wasiambiwe upi ni upi. Nimeandika pia ungamo fupi kwa Kiingereza, nikalisaini mbele ya hakimu, umpe profesa wako. Akikataa, mwandikie aliye juu yake. Akikataa naye, nenda chuo kingine. Usikubali kunyamazishwa na karatasi niliyoiharibu mimi.

Sikuombi uamini kwamba inaponya. Mimi sijui. Wako waliopona mikononi mwa Mama, na wako waliokufa, na hakuna aliyewahesabu. Ninachotaka ni ipimwe. Ikishindwa, ishindwe yenyewe.

Serwaa anakusalimu, anasema umletee soksi nene ingawa hapa ni joto. Nana Ampem anakusalimu pia, na fundi cherehani Adwubi anauliza kama ile nguo bado inakutosha. Nisalimie mumeo na watoto. Mungu akuchunge katika nchi hiyo ya baridi, akupe mikono isiyotetemeka na ulimi usioona aibu.

Limebaki moja, nimelizunguka barua nzima. Utasema mjomba wako alikosea mmea, na kukosea ni kwa binadamu. Wala usinitetee hivyo. Mama aliponikabidhi kikapu chake, gari la madaktari lilikuwa bado limesimama mbele ya shule, mlango wazi, na dereva anakunywa uji. Ningeweza kubadilisha. Usiku wa Alhamisi nilikuwa nimebakiza kipande cha mzizi wangu, nikakitafuna.

Haukuwa mchungu.

Mjomba wako anayekupenda mpaka pumzi ya mwisho,
Kwabena Safo